Msafiri Ataulizwa Macho Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Shukrani zote njema anazistahiki Yeye aliyetuumba akatupa masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: namna tunavyosafiri siku hizi, na picha tunazozipiga safarini. Sikusudii kuingia katika hukumu ya picha yenyewe. Maulamaa wamekhitilafiana juu yake. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliijuzisha picha ya kamera, akaiona kuwa ni kukizuia kivuli tu wala si kuumba sura. Na wako maulamaa wakubwa walioikataza ila kwa dharura. Mwenye kutaka hukumu na amwendee mwalimu wake. Swali langu ni jingine. Mtu akisafiri akapiga picha ya kila kitu, je, ameona? Na kama hakuona, alisafiria nini?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata Morogoro, nyumbani kwa dada yangu, na lilinitia haya. Kwa hivyo nitaanza na aibu yangu mwenyewe kabla sijamnasihi mtu.

Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walizidi laki saba. Sisemi haya kwa kulalamika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na vijana wetu wengi wanapata riziki ya halali kwa wageni hao. Lakini mwenye kukaa barazani baada ya Alasiri huona jambo moja kila siku. Mgeni anakuja na njia yake, anafika kwenye mlango wa nakshi, ananyanyua simu, anapiga, anaondoka. Hakuuliza nyumba ni ya nani, wala misumari ile ya shaba ni ya nini, wala maandishi yaliyochongwa juu ya mlango yanasema nini. Nyuma yake anakuja mwengine, anasimama palepale aliposimama wa kwanza. Picha ya mahali hapo aliiona kwao kabla hajapanda ndege. Amekuja kuhakikisha tu kwamba mlango upo.

Jumba letu la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na ni wageni wachache waliopita Forodhani wasilipige picha. Tarehe 25 Disemba 2020, jumba likiwa katika kutengenezwa, upande wake mmoja uliporomoka na watu wakapoteza maisha. Picha zake zimejaa duniani. Nami hujiuliza: katika wote tuliolitazama kwa miaka mingi, wageni na wenyeji, ni wangapi tulioutazama ukuta wenyewe?

Na mara nyingine picha inayopigwa huwa ni mimi. Nimekaa na tasbihi mkononi, na mtu asiyenisalimu wala kunijua ananitia katika simu yake pamoja na paka na mlango. Jambo hilo lilikuwa likinikera sana. Niliwaambia wanafunzi wangu, "Watu hawa hawana adabu ya macho." Sikujua kwamba maneno hayo yatanirudia.

Dada yangu mdogo aliolewa Morogoro zamani, akahamia huko na mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka jana nilipata habari kwamba maradhi ya sukari yameyashambulia macho yake. Nikavuka kwa boti mpaka Dar es Salaam pamoja na mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na sita, tukapanda ile treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro mwezi wa Juni 2024. Reli ya kwanza ilifika Morogoro mwaka 1907, zama za Wajerumani, na ujanani mwangu safari hiyo kwa treni ilikula sehemu kubwa ya siku. Sasa ni mwendo wa kama saa mbili tu. Hata machungwa hununui njiani.

Waswahili huuita Morogoro "mji kasoro bahari". Aliyeupa jina hilo hakukosea, ila mahali pa bahari umesimama mlima. Popote usimamapo mjini, Milima ya Uluguru iko juu yako. Ua wa dada yangu unatazama huko. Alipokuwa na macho yake, kila baada ya sala ya Alfajiri alitoka akatazama wingu limeshuka mpaka wapi, na kwa hilo alijua kama siku ile ni ya kuanika nguo au si ya kuanika. Sasa anaona weupe na weusi tu. Tulipokwisha kula akasema, "Kaka, mimi huko juu nimepanda mara moja tu, nilipokuwa bibi harusi. Pandeni kesho, kisha mje mniambie kukoje."

Tukapanda. Tulishika njia ya Morningside, ambako iko nyumba ya mawe ya zama za Wajerumani. Mimi hupanda polepole, kwa hivyo wakati wa kutazama nilikuwa nao mwingi. Kijana alikuwa na simu nzuri; na hapa nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimwamrisha. Piga hiki. Piga kile. Nipige mimi hapa, maji yaonekane nyuma. Nipige pale, mji uonekane chini. Hiyo haikutoka vizuri, nilifumba macho, rudia. Nikanyoosha kanzu yangu, nikasimama kama mtu anayetafakari uumbaji wa Mola wake. Wala sikuwa nikitafakari chochote, ila vipi picha ile itapokewa na jamaa wa barazani itakapowafikia.

Katika kushuka tukakutana na mama mmoja amejitwika mkungu wa ndizi, anateremka upesi kuwahi soko. Nikamwambia kijana, "Huyo, huyo, upesi!" Yule mama akanisikia. Akasimama, akavuta upembe wa kanga akajifunika uso, akasema, "Shikamoo, mzee." Hakuzidisha neno. Nikaitikia marahaba, na ulimi wangu ukawa mzito. Salamu niliyokuwa nikiwadai wageni kule barazani kwetu, mimi nilimnyima yule mama kwenye njia ya kwao, yeye akanipa.

Usiku ule dada yangu akatuuliza habari za mlima. Kijana akamsogezea simu, "Bibi, tazama hapa." Akajibu, "Mwanangu, mimi sioni. Niambieni." Kisha akaanza kuuliza. Mto una maji mengi? Huko juu unalia vipi? Bado watu wanalima mpaka kwenye ule mteremko mkali? Wanalima nini siku hizi? Mmekutana na nani njiani? Baridi inaanzia wapi? Tukatazamana mimi na mjukuu wangu. Picha zilikuwa zaidi ya mia mbili. Majibu hayakufika matatu.

Nikaulalia usiku ule fikra nyingi, na mambo matatu yakanibainikia.

La kwanza ni kwamba macho ni amana. Katika Surat Bani Israil tumeambiwa kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Sisi tumezoea kuifahamu aya hiyo kwa yale tuliyoyatazama na haramu kuyatazama. Lakini je, hatutaulizwa pia kwa yale tuliyoonyeshwa tukakataa kuyatazama? Katika Surat al-Ghashiya Mwenyezi Mungu anawaelekeza watu kwenye vitu vinne: ngamia, mbingu, milima na ardhi. Zingatia, ndugu yangu, namna alivyoelekeza. Hakuwataka watu wajue kwamba milima ipo, maana hilo hata mbuzi analijua. Amewataka watazame imesimamishwa vipi. Swali ni la "vipi", na picha ya haraka haikujibu "vipi". Hukujibu "nilifika" tu.

Hebu basi tuutazame mlima ule kwa jicho la "vipi". Pepo zinazotoka bahari yetu hii ya Hindi huchukua unyevu, zikaja kugonga Uluguru, na hasa upande wake wa mashariki. Zikipanda hupoa, na maji yake hushuka kuwa mvua na ukungu. Vilele vya milima ile vinapita mita 2,600, na msitu ulioko juu huyapokea maji hayo, ukayatia ardhini, ukayatoa kidogo kidogo kwenye vijito. Vijito vingi vinakwenda kuujaza mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, kisha unarudi baharini karibu na Bagamoyo. Ewe msomaji uliyeko Dar es Salaam, huenda maji uliyotawadhia Alfajiri ya leo yametoka kwenye mlima huo. Wale waliosema Morogoro ni mji kasoro bahari, basi na wajue kwamba bahari hupanda mpaka kule kila mwaka, ila hupanda katika sura ya wingu. Mwaka 2008 Serikali iliufanya msitu ule kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na wako ndege na miti katika milima ile isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Yote hayo nilikuwa nimeyapa mgongo, ili nipigwe picha nayo.

Na neno hili la kuvipa vitu mgongo lisikupite. Leo hata katika Msikiti Mtukufu wa Makka utamwona mtu ametoka masafa ya mbali, ametumia akiba ya umri wake, ili aielekee Kaaba. Anapofika, anaipa mgongo na kunyanyua simu, ili yeye aonekane na Kaaba iwe nyuma yake. Mwenyezi Mungu atusamehe sote.

La pili ni niya. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba amali huhesabiwa kwa niya, na akauhofia umma wake riya kuliko mambo mengi, kwa sababu riya huingia katika jambo jema lenyewe. Kusafiri ili kuzingatia ni jambo jema. Qur'ani imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame. Lakini nilipopanga kanzu yangu mbele ya maji, safari ile haikuwa tena baina yangu na mlima, wala baina yangu na Mola wangu. Ilikuwa baina yangu na watu wasiokuwepo. Mwili ulikuwa Uluguru, roho iko barazani Zanzibar ikisubiri kusifiwa. Sasa niulize: huyo aliyesafiri ni nani?

La tatu ni haki ya mwenye kutazamwa. Wahenga walisema macho hayana pazia, na kwa sababu hayana pazia ndiyo maana sheria imeyawekea adabu. Katika Surat an-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Mtume alipomwona mtu akichungulia ndani ya nyumba yake, alibainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Utasema, njiani si nyumbani. Kweli. Lakini uso wa mtu unakwenda naye popote aendapo, na salamu haikufungwa kwenye mlango.

Tena mlima ule si pazia la kupigia picha. Ni shamba la watu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi kwa desturi yao huwa ya ukoo, kwa hivyo mwanamke unayempita njiani na mzigo wake huenda ukoo wake ndio wenye kilima ulichosimama juu yake. Watu hao mwaka 1955 walisimama kuipinga serikali ya Waingereza ilipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, mpaka mpango ule ukaachwa. Watu wa namna hiyo hawastahiki kupitwa na mgeni anayewahesabu kuwa ni mapambo ya mlima.

Najua wako watakaonijibu, "Sheikh, picha ni kumbukumbu. Binadamu husahau." Hoja hii ina haki yake, nami siidharau. Ninayo picha moja ya marehemu baba yangu, na nikiitazama humwombea dua. Lakini tusichanganye kumbukumbu na ghala. Mwaka 2014 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Linda Henkel, alitangaza uchunguzi alioufanya kwa watu waliozungushwa katika jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu kwa macho. Ila walipoambiwa wasogeze kamera wapige sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba dhambi si ya chombo. Moyo ukikiachia chombo kazi yake, unalala. Moyo ukifanya kazi pamoja na chombo, hauna hasara.

Na mbele ya uchunguzi huo, sisi watu wa pwani tunaye shahidi wetu. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, akiwa mji wa Fez, alimsimulia mwandishi habari za safari zake zote, na juu ya Mombasa akakumbuka kwamba kwenye milango ya misikiti pana visima, na chombo cha mti cha kutekea maji, na kwamba mwenye kuingia huosha kwanza miguu yake. Na juu ya Kilwa akamkumbuka Sultani aliyeombwa nguo zake na fakiri njiani, akaingia akabadilisha, akampa. Usiku mmoja, wala hakuwa na kamera! Lakini alitazama watu wanafanya nini, akasikiliza, akauliza. Ndiyo maana leo, baada ya karne karibu saba, tunaijua miguu ya babu zetu iliyooshwa kabla ya sala. Jiulize, ndugu msomaji: katika picha zilizomo ndani ya simu yako, ni ipi utakayoweza kumsimulia mjukuu wako bila ya kuifungua?

Siku ya tatu mimi na kijana tukapanda tena. Simu tuliiacha nyumbani kwa dada. Mwanzo kijana alikuwa kama mtu aliyepotelewa, mkono unakwenda mfukoni kila mara. Baada ya saa moja ukatulia. Tukakaa kwenye jiwe karibu na maji. Tukasikia kwamba mto hauna sauti moja: penye jiwe kubwa unanguruma, chini yake kidogo unanong'ona. Tukatia miguu, baridi yake ikanipanda mpaka magotini. Tukamsalimia mzee anayepalilia kabichi zake kwenye mteremko ambao mimi kusimama tu ni taabu, tukamuuliza anawezaje. Akatuonyesha anavyoweka mguu mmoja chini na mmoja juu, akacheka tulipojaribu. Wingu likashuka mpaka tulipokuwa, mji ukapotea, na kijana akanishika mkono bila ya kuambiwa. Yule mama wa ndizi sikumkuta. Msamaha wake bado ni deni juu yangu, na nimeyaandika haya ili deni lile lisinipotee.

Usiku tulimsimulia dada yangu tangu baada ya Magharibi mpaka ikaadhiniwa Isha. Akatuuliza, tukajibu. Mahali pengine yeye alitusahihisha, kwani ile mara moja aliyopanda ujanani aliitazama vizuri kuliko sisi. Mwisho akasema, "Basi na mimi leo nimepanda."

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo mizani yangu tangu siku ile. Safari ni neema, na kila neema ina zaka yake. Zaka ya aliyeona ni kumwambia asiyeweza kuona: mgonjwa, mzee, maskini asiye na nauli, mtoto asiyefikia umri. Wewe ukirudi mikono mitupu, umewadhulumu hao pamoja na nafsi yako.

Basi nausia machache. Ukifika mahali, tanguliza salamu kabla ya simu. Tazama kwanza mpaka ushibe. Ikiwa baada ya hapo pana haja ya picha, piga, na moja au mbili zinatosha. Mtu usimpige bila ya idhini yake, na akikataa umshukuru kama aliyekubali. Uliza jina la mto, la mti, la kilima, maana kitu usichokijua jina huwezi kukisimulia. Na wazazi, mtoto akirudi kutoka matembezi msimwambie "Hebu tuone picha." Mwambieni, "Hebu tusimulie." Kisha mnyamaze mumsikilize.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzindue na usingizi wa nyoyo, ayafanye macho yetu kuwa mashahidi wetu wala yasiwe mashahidi juu yetu, na amponye dada yangu na kila mwenye maradhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.